MENINJITI: INAFANYA NINI MU MWILI WA MUTU?



Wengi wanauliza: meninjiti ni ugonjwa gani? Wengine wanasema ni malaria iliyopanda kichwa, wengine wanasema mutu amerogwa. Tutazame vizuri, maana ugonjwa huu unaweza kuua mutu mbele ya siku moja kwisha.

Bongo na uti wa mugongo vimefunikwa na ngozi tatu nyembamba. Kati ya ngozi hizo kuko maji safi kama ya chemchemi. Mikrobi inayoogopwa zaidi inaitwa meningokoko. Inakaa mu koo ya watu wengi bila kuwaumiza. Inapita kwa mate na kwa kukohoa, kutoka mutu mumoja kufika kwa yule anayekaa karibu naye. Lakini mara moja moja inaingia mu damu, kisha inafika kwenye zile ngozi. Hapo ngozi zinavimba na maji yanachafuka.

Sasa, mufupa wa kichwa hautanuki. Bongo inabanwa ndani. Ndiyo sababu kichwa kinauma sana, mugonjwa anatapika, mwanga unamuumiza macho, anasema ovyo ao anapata degedege. Na shingo je? Zile ngozi zinashuka mupaka ndani ya mugongo. Ukiinamisha kichwa, zinavutwa. Kwa hiyo mugonjwa anashindwa kugusisha kidevu kwenye kifua. Mikrobi ikijaa mu damu, madoa yanaweza kutokea: ukiyabonyeza hayapotei. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tuyatafute mu viganja na chini ya miguu.

Tarehe 8 Septemba 2021 serikali yetu ilitangaza ugonjwa huu huko Banalia, jimbo la Tshopo. Siku ile walikuwa wamehesabu watu 261 waliodhaniwa kuwa nao, na 129 walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu! Lakini kuko sindano, kama seftriaksoni, zinazoua mikrobi hii. Tu zianze mapema. Hata kati ya wale wanaopona, karibu mumoja kwa watano anabaki na kilema: hasikii tena, ao anapata kifafa, ao masomo yanamushinda.

Kuko woga mwingine: sindano ya mugongo. Watu wanasema inalemaza. Hapana. Munganga anachoma chini, pale ambapo uti umekwisha kufika mwisho wake, anatoa maji kidogo tu ya kupima. Yakiwa kama maji ya kuoshea muchele, anajua. Kilema kinaletwa na ugonjwa wenyewe, na kukawia kunakiongeza.

Kwetu mu internati vitanda viko karibu karibu. Basi tufungue madirisha, kila mutu na kikombe chake. Chanjo ikifika, tuikubali. Na mwenzenu akipata homa kali pamoja na shingo ngumu, musimwambie: «Lala kwanza, kesho tutaona.» Mwamusheni musimamizi usiku ule ule, apelekwe hospitali. Nanyi muliolala karibu naye, mujulishe munganga: kuko dawa ya kuwakinga.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa 6