Fulana zenye nembo za waasi: Sheria iliona fedha, je, maadili?

FULANA ni vazi jepesi, lakini zipo nyakati ambapo nembo iliyochapwa kifuani huwa nzito kuliko kitambaa chenyewe. Hayo yalidhihirika nchini Denmark mwaka 2006, pale kampuni ndogo ya mavazi ya mjini Copenhagen, Fighters+Lovers, ilipoanza kuuza fulana zenye nembo za makundi mawili ya wapiganaji wa nchi za mbali.

Makundi hayo yalikuwa FARC, waasi wa mrengo wa kushoto walioanza vita dhidi ya serikali ya Colombia mwaka 1964, na PFLP, kundi la Wapalestina lililovuma kwa utekaji wa ndege. Yote mawili yalikuwa katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya makundi ya kigaidi.

Kampuni hiyo haikuficha nia yake. Iliwatangazia wateja kwamba euro 5 za kila fulana zingepelekwa kwa makundi hayo: FARC wasaidiwe kituo cha redio, na PFLP karakana ya kuchapa mabango.

Watu saba walifikishwa mahakamani. Desemba 2007, Mahakama ya Jiji la Copenhagen iliwaachia huru. Septemba 2008, mahakama ya rufani ilitengua uamuzi huo na kuwatia hatiani sita kati yao. Machi 2009, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba walikuwa na hatia.

Ikumbukwe kuwa kilichohukumiwa ni fedha, si picha. Mahakama haikusema kuwa ni kosa kuvaa nembo ya waasi. Ilisema ni kosa kuwachangia. Sheria iliishia hapo, lakini swali la maadili lilibaki pale pale: je, ni haki kuuza sifa za watu wenye bunduki hata kama hawapati senti moja?

Watetezi wa biashara ya aina hii wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Jina la ugaidi, wanasema, hutolewa na wenye nguvu. Hadi mwaka 2008, Nelson Mandela na viongozi wenzake wa ANC walihitaji kibali maalumu kuingia Marekani, kwa kuwa chama chao kilihesabiwa kuwa cha kigaidi. FARC nao walitia saini mkataba wa amani mwaka 2016 na kuweka silaha chini. Umoja wa Ulaya ukawaondoa katika orodha yake mwaka 2017, na Marekani mwaka 2021.

Hata hivyo, kufutwa jina orodhani hakufuti matendo. Mei 2, 2002, katika mji wa Bojayá nchini Colombia, wananchi walikimbilia kanisani kujikinga na mapigano kati ya FARC na wanamgambo. Bomu la mtungi wa gesi lililorushwa na FARC liliangukia kanisa hilo na kuua watu wasiopungua 79, wengi wao watoto. Mwaka 2021, mahakama maalumu iliyoundwa kutokana na mkataba wa amani ilieleza kuwa watu wasiopungua 21,396 walitekwa nyara na kundi hilo.

Nembo haina nafasi ya kueleza hayo. Huonyesha ushujaa na kuacha makaburi. Mnunuzi wa Copenhagen hupata sifa ya kuwa mwanamapinduzi kwa bei ya fulana, ilhali hajawahi kulala akisikiliza milio ya risasi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaweza kulipima jambo hili bila kwenda mbali. Agosti 7, 1998, mabomu katika balozi za Marekani yaliua watu 224 katika miji hiyo. Mfiwa wa siku ile angejisikiaje kuona sura ya aliyeagiza mauaji hayo ikiuzwa ng'ambo kama mtindo wa vijana?

Hicho ndicho kipimo ambacho mfanyabiashara anaweza kukitumia kabla ya kuchapa. Kama bidhaa yake haiwezi kuvaliwa mbele ya mfiwa wa Bojayá na mvaaji akamtazama usoni, basi anauza msiba wa watu wengine.