Zaka inunue cherehani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Suratul-Jumua aya ya 10 Mola wetu anatuelekeza kuwa sala ikishamalizika tutawanyike katika ardhi, tutafute fadhila Zake. Wengi watakaotoka misikitini mchana wa leo Kariakoo, Temeke na Mbagala ni vijana. Je, wanatawanyika kwenda wapi?

Takwimu za Serikali zinaonesha nafuu. Utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2006 uliweka ukosefu wa ajira nchini kwenye asilimia 11.7, na ule wa 2014 asilimia 10.3. Lakini Dar es Salaam haikufanana na wastani huo. Mwaka 2006 karibu mtu mmoja katika kila watatu wa nguvu kazi ya jiji hakuwa na ajira, na mwaka 2014 bado ilikuwa zaidi ya mmoja katika kila watano, wanawake wakiathirika kuliko wanaume. Jiji nalo limefurika: watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya 2002, zaidi ya milioni 5.3 katika ile ya 2022.

Asilimia imepungua, lakini tuangalie kwa njia gani. Mashirika mengi ya umma yaliyowaajiri baba zetu yalibinafsishwa au kufungwa kuanzia miaka ya 1990. Waliokosa nafasi humo wakageukia umachinga, umama lishe na, baadaye, bodaboda. Anayezungusha soksi Kariakoo tangu alfajiri huhesabiwa kuwa ana kazi. Nasi hatuidharau kazi yake, kwani katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kubeba kuni mgongoni na kuziuza ni bora kuliko kuwaomba watu.

Tatizo ni mtaji. Mama lishe hukopa kwa wale ambao mji mzima unawaita "kausha damu", na hiyo ni riba isiyohitaji fatwa. Kijana wa bodaboda huchukua pikipiki kwa mkataba, akapeleka hesabu kila siku ili mwishowe iwe yake. Akiugua homa wiki moja katika mwezi wa kumi, wapo wamiliki wanaoichukua pikipiki wasimrudishie hata senti, ilhali Suratul-Baqara aya ya 280 inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Wengine kati ya wamiliki hao twasali nao safu ya kwanza.

Upo mlango mmoja wa halali ambao tusiupite. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na vijana wa msikiti mmoja hawashindwi kuunda kikundi.

Lakini kabla ya kuitazama Serikali, tuitazame zaka yetu. Mfanyabiashara mwenye mali ya shilingi milioni 100 hutoa milioni 2.5. Akizigawa elfu mbili mbili getini kwake mwezi wa Ramadhani, watu 1,250 watapanga foleni juani, na kufikia Magharibi fedha imekwisha. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii hawakuiona zaka hivyo. Imam Nawawi, katika Al-Majmuu, ameeleza kuwa fundi hupewa cha kununulia zana za kazi yake, na mchuuzi hupewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake: muuza mboga dirhamu tano au kumi, na muuza vito hata elfu kumi. Cherehani kwa binti aliyehitimu ushoni, au seti ya vyuma kwa fundi bomba, imo ndani ya maneno hayo.

Kamati za misikiti zinawajua watu hao. Zizingatie tu kwamba zaka humilikishwa, haikopeshwi. Na kwa kuwa zaka ya biashara hutolewa kwa fedha, mpokeaji mwenyewe aipe kamati uwakala wa kumnunulia zana hiyo, nayo ikabidhiwe kwake pamoja na risiti yenye jina lake.

Wallahu aalam.