Neno «tayari» kwenye ubao wa kazi: Kiswahili katika karakana ya meli

Wengi wakisikia kwamba mwanafunzi wa lugha za Kiafrika amefanya kazi katika karakana ya meli, huuliza alifuata nini huko. Kwa miezi minne nilikuwa msaidizi wa mpangaji wa kazi katika karakana moja ya Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo. Napenda kueleza kazi hiyo, na kwa nini inakihusu kitivo chetu.

Meli ikipandishwa nchi kavu kwa matengenezo, mpangaji hutenganisha kwanza kazi za chini ya mstari wa maji na zile za juu. Kukwangua kutu, kubadili mabamba ya chuma yaliyolika, kukagua mhimili wa rafadha na vali za chini: hizo lazima ziishe kabla meli haijarudi majini. Vitanda na rangi ya vyumba vinaweza kungoja, maana hufanyika hata meli ikielea. Kwa hiyo siku ya kuishusha meli haitegemei wingi wa kazi zote, bali mfululizo mrefu zaidi wa kazi zinazongojana. Msaidizi huandika kila kazi, ile inayoitangulia, fundi wake na vifaa vyake. Kisha kila asubuhi huzunguka kuuliza imefika wapi.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Ratiba iliandikwa kwa Kifaransa, mazungumzo yakawa kwa Kiswahili, na jibu lilikuwa karibu kila mara moja: «Iko tayari.» Kwa mtunza ghala, bamba tayari ni bamba lililofika. Kwa mkataji, ni lililokatwa. Kwa mkaguzi, ni lililoungwa na kupimwa.

Siku moja ubaoni paliandikwa kwamba tangi la mafuta liko tayari. Aliyelisafisha alimaanisha limemwagwa. Fundi wa kuunga chuma alielewa kwamba limeoshwa, limepitishwa hewa na kupimwa mvuke. Alikuwa ameshika kifaa chake mkononi mzee wa kikosi alipomzuia. Tangi tupu lenye mvuke wa mafuta hulipuka kwa cheche moja.

Kisarufi, «tayari» haibebi njeo wala mtenda, wala haisemi ni tendo gani lililokamilika. Kitenzi husema. Tuliliondoa neno hilo ubaoni, tukaweka vitenzi vinne kwa tangi: limemwagwa, limeoshwa, limepitishwa hewa, limepimwa. Kando ya kila kimoja aliyefanya kazi alitia jina lake. Kila kitu kilipewa pia namba, kwa sababu katika Kiswahili chetu cha mazungumzo upatanisho wa ngeli haufuatwi sana kama katika sanifu, hivyo kiambishi peke yake hakitoshi kuonyesha ni kitu gani kinachosemwa.

Jambo hili si geni ziwani. Meli ya Liemba, zamani Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa tena na kushushwa majini 1915. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila alama zinazoeleweka na anayefunga sanduku na anayelifungua.

Mara nyingi tunabishana darasani kama Kiswahili kinaweza kubeba ufundi. Mafundi wanakibebesha kila siku. Kinachokosekana ni istilahi zilizokubaliwa na kuandikwa pamoja nao, palepale wanapofanyia kazi.