Kikombe Peke Yake Hakipimi Maji ya Kasese

Mto Nyamwamba na Mto Mubuku inashuka upande mmoja wa Mlima Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na yote miwili inaishia Ziwa George. Mubuku unapita Bugoye, ambako tangu 2009 maji yake yanaendesha mtambo wa umeme wa megawati 13. Nyamwamba unapita Kilembe, unakatiza mji wa Kasese, kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wakazi wa mabonde haya wengi wao ni Bakonzo. Wanalima ndizi, muhogo, maharage na kahawa, na mboga yao ya kila siku ni mchicha, ambao Uganda unaitwa dodo. Kinachoyatenganisha mabonde hayo mawili ni shaba.

Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba kuanzia 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, hadi 1982. Shaba ilisafirishwa ikayeyushwe Jinja. Nyuma yake zilibaki zaidi ya tani milioni 15 za mabaki yaliyosagwa, yamemwagwa bondeni kando ya mto. Ndani yake mna pairiti, jiwe la chuma na salfa lililochanganyika na shaba kidogo na kobalti. Pairiti ikiwa imefukiwa ndani ya mwamba haimsumbui mtu. Ikisagwa ikakutana na hewa na mvua, huzaa asidi ya salfuriki, na wako bakteria wanaoishi kwa chuma na salfa ambao huiharakisha kazi hiyo mara nyingi zaidi. Asidi nayo huyeyusha kobalti, nikeli na shaba na kuzitia majini. Kuanzia 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kiliwafuga bakteria wa namna hiyo ndani ya matangi ili kutoa kobalti katika lundo la pairiti lililoachwa Kasese. Bondeni Kilembe wanafanya kazi ileile bila msimamizi wala mshahara. Mafuriko ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yaliyamega malundo ya Kilembe na kuyasukuma mabaki kuelekea chini, kwenye makazi na mashamba.

Je, maji ya bonde hilo yanawadhuru wanaoyanywa? Mtu angedhani jibu ni la siku moja: chota maji, yapeleke maabara, linganisha na kiwango. Lakini kiwango kipi? Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha shaba katika maji ya kunywa, miligramu 2 kwa lita, na cha nikeli, mikrogramu 70. Cha kobalti halina. Watafiti waliopima maji ya Kilembe ilibidi waazime kiwango cha jimbo la Wisconsin huko Marekani, mikrogramu 40 kwa lita, na baadhi ya sampuli za maji ya nyumbani zilikivuka.

Chukua hiyo 40 tuifanyie hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2 kwa siku anapata mikrogramu 80 za kobalti, wakati chakula cha kawaida duniani humpa mtu kati ya 5 na 40. Kwa kila kilo ya mwili wake ni mikrogramu 1.3 hivi. Mtoto wa kilo 10 anayekunywa lita moja anapata mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake, mara tatu ya mzazi wake. Maji ni yaleyale, mtungi ni uleule, dozi ni tofauti. Na hapo bado hatujagusa chakula.

Chakula ndicho kinachowatoa jasho wapimaji. Njia iliyozoeleka ni kumuuliza mtu alikula nini katika saa 24 zilizopita. Huko Ulaya mtu atajibu kwa vipande vya mkate. Kasese familia imezunguka sinia moja, mama anaonja jikoni, mtoto amekula embe njiani. Nani atapima tonge? Njia ngumu zaidi, na ya kweli zaidi, ni kupika sehemu ya ziada, kila anachokula mtu kikatiwe pacha wake, halafu pacha huyo akasagwe na kupimwa maabara. Ni ghali, na inaichosha kaya.

Kuna jambo jingine ambalo madodoso mengi hulipita. Ukimuuliza mwanamke wa Kilembe anakunywa vikombe vingapi, atakutajia vikombe. Hatakutajia maji yaliyoingia ndani ya maharage. Maharage makavu hunyonya maji yakavimba, hutokota kwa saa kadhaa, maji hupungua, mpishi huongeza mengine. Mvuke huondoka, metali hubaki sufuriani. Kuchemsha maji, ushauri mwema kabisa dhidi ya kipindupindu ambacho Kasese inakifahamu vizuri, hakuondoi hata chembe ya kobalti. Kama kuna badiliko, ni kwamba kiasi chake kwa kila lita kinapanda kidogo. Mboga za majani nazo, kwa kawaida, hubeba metali nyingi kuliko matunda na nafaka: mizizi hufyonza kutoka ardhini na majani hupokea vumbi kutoka juu. Ndizi humenywa, dodo huliwa jani zima.

Ndiyo sababu napenda utafiti ambao Abraham Mwesigye wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nottingham, waliuchapisha mwaka 2016. Hawakuishia mtoni. Walipima mabaki ya mgodi, udongo wa mashamba, vyakula, vumbi, maji ya kunywa, na mwisho kucha za miguu za wakazi. Ukucha ni daftari la dukani: metali zilizopita katika damu wakati ukucha unaota huandikwa humo. Ukucha wa dole gumba la mguu huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kuota wote, kwa hiyo kipande unachokikata leo kinasimulia mlo wa miezi mingi iliyopita. Mkojo hauwezi hilo. Sehemu kubwa ya kobalti inayoingia damuni hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, kwa hiyo mkojo unaeleza ya jana na juzi.

Maabara huukogesha ukucha, huuyeyusha kwa asidi kali, kisha kimiminika hupuliziwa ndani ya gesi ya agoni iliyopashwa joto la maelfu ya nyuzi hadi atomu zinavuliwa elektroni zao na kuhesabiwa moja moja kwa uzito. Mashine hiyo haina upendeleo. Shaka inaingia mapema zaidi, pale kwenye karai la kuoshea. Mtu anayetembea peku shambani, juu ya udongo uliojaa shaba, ana shaba iliyong'ang'ania nje ya ukucha pia. Ukiosha kidogo unapima udongo, ukiosha kupita kiasi unavua na kilichotoka ndani. Kwa hiyo namba ya ukucha inasema kwa uhakika kwamba mtu huyu anaishi na metali hizi. Haisemi kwamba anaumwa.

Kati ya kuishi na metali na kuumwa kuna pengo, na kisa kinacholieleza vizuri kilitokea mbali sana na Rwenzori. Mwaka 1965 na 1966, katika jiji la Quebec, Kanada, wanywaji wakubwa wa bia walianza kufika hospitalini mioyo ikiwa imelegea. Watu wapatao 20 walikufa. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye chumvi ya kobalti iliyotiwa katika bia ili povu lidumu. Lakini madaktari wa miaka hiyo walikuwa wakiwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu kobalti kama dawa, kwa dozi kubwa kuliko ile ya bia, na mioyo yao haikulegea namna hiyo. Wale wanywaji walikuwa na nini? Walikuwa wanakula vibaya. Protini ilikuwa haba katika milo yao, na pombe ilimaliza kazi. Kobalti ileile, katika mwili ulioshiba vizuri, ilivumilika.

Sasa rudi Kasese ukiwa na jambo hilo akilini. Utumboni, kobalti hupita mlango mmoja na madini ya chuma. Mwili wenye njaa ya chuma huufungua mlango huo wazi zaidi. Watu waliopimwa wakiwa na chuma cha kutosha walifyonza kati ya asilimia 18 na 44 ya kobalti waliyopewa. Wenye upungufu wa chuma, asilimia 31 hadi 71. Na nani ana upungufu wa chuma? Wajawazito, watoto wadogo, wenye minyoo ya safura, na wale ambao chuma chao kinatokana zaidi na maharage na nafaka, ambamo mna fitati inayokishika kisifyonzwe. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu za damu na kumwacha mtoto mweupe viganjani.

Hapa Bugoye inaingia, na inaingia na takwimu. Baada ya mafuriko ya Mei 2013, watafiti wa Marekani na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara walifungua rejesta za vipimo vya malaria za kituo cha afya cha Bugoye. Walilinganisha vijiji vinavyopakana na mto uliofurika na vijiji vilivyo mbali nao, kabla ya mafuriko na baadaye. Uwezekano wa mtu kukutwa na malaria uliongezeka kwa asilimia 30 katika vijiji vya kando ya mto. Ushahidi wote ulitoka katika rejesta za zahanati ambazo wengi wetu tungeziona karatasi za kuwekea rafu uzito.

Mvua hiyohiyo, basi, ilimega malundo ya Kilembe na kuongeza malaria Bugoye. Sisemi kwamba kobalti inawaua watu wa Nyamwamba. Hakuna kipimo kinachoniruhusu kusema hivyo. Nasema kwamba anayepima kobalti bila kupima damu ya anayeinywa amepima nusu ya jambo.

Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo, kusini zaidi, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilishatoa somo hili. Miaka ya 1960 na 1970, François Delange na wenzake kutoka Ubelgiji walikuta rovu limeenea kaskazini mwa kisiwa huku kusini-magharibi likiwa nadra. Madini joto yalikuwa haba pande zote mbili karibu sawasawa. Kilichotofautiana ni muhogo. Kaskazini uliliwa kwa wingi, na sianidi iliyobaki ndani yake mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, ambayo huzuia tezi ya shingo isichukue hata hayo madini joto machache yaliyopo. Aliyepima madini joto pekee angeondoka Idjwi bila jibu.

Kasese ina bahati ambayo watafiti wa kwingineko wangeililia: mabonde mawili jirani, chakula kinachofanana, mlima mmoja, na mgodi katika bonde moja tu. Ulinganisho hautakuwa safi kabisa, kwa kuwa miamba ya Rwenzori haifanani kila mahali, lakini ni bora kuliko kulinganisha Kilembe na kitabu cha viwango cha Wisconsin. Ofisi ya afya ya wilaya na vyuo vya Makerere na Mbarara wakiamua, kaya za Kilembe na za Bugoye zinaweza kupimwa katika msimu mmoja: maji, sahani, ukucha, na tone la damu la kuangalia himoglobini. Tone hilo ndilo rahisi kuliko vyote, na zahanati inalipima kwa dakika chache. Matokeo yasomwe vijijini kwa Lukonzo kabla hayajasomwa kwenye makongamano. Wakati huo ukisubiriwa, kaya zilizo chini ya mgodi zipelekewe bomba la maji yaliyochotwa juu yake, na watoto wao watibiwe minyoo na malaria bila kukosa. Hayo mawili hayahitaji utafiti mwingine.