Mrima una mionzi, lakini nyutroni hutoka wapi?

MLIMA Mrima, ulio karibu na Majoreni katika Kaunti ya Kwale, una hazina ya niobiamu, madini adimu na thoriamu. Thoriamu hiyo huchangia mionzi ya asili ya mlima kuwa juu kuliko kawaida. Hata hivyo, mionzi hiyo si mkondo wa nyutroni ambao wanafizikia hutumia kuchunguza undani wa vitu.

Nyutroni, iliyogunduliwa na Mwingereza James Chadwick mwaka 1932, ni chembe iliyomo katika kiini cha atomi. Kwa kuwa haina chaji ya umeme, hupenya hata chuma. Kazi ngumu ni kuitoa humo kwa wingi.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kinu cha nyuklia. Kiini cha uraniamu kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, ambazo hupunguzwa kasi kwa maji na kuelekezwa kwenye vyombo vya vipimo. Kinu cha Grenoble, Ufaransa, kilianza mwaka 1971.

Ya pili ni kuzipa protoni kasi kubwa na kuzigongesha kwenye metali nzito. Protoni moja huweza kung'oa nyutroni 20 au zaidi. Mtambo wa Oak Ridge, Marekani, ulioanza mwaka 2006, hutumia zebaki na hutoa mapigo 60 kwa sekunde.

Barani Afrika, kinu cha kwanza cha utafiti kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Kenya haina kinu, ingawa shirika la serikali la NuPEA limekuwa likipanga kujenga kimoja.

Faida yake ingeonekana hata Kwale. Jiwe likipigwa nyutroni, elementi nyingi zilizomo hutoa miale inayozitambulisha, na kiasi chake hupimika. Kwa sasa, anayetaka jiwe la Mrima lipimwe kinuni hana budi kulipeleka ng'ambo. Wenyeji nao hubaki wakisimuliwa na wengine thamani ya mlima wao, ambao pia ni kaya takatifu ya Wadigo.

Lakini hofu ipo. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mradi wa nyuklia wa umeme. Kinu cha utafiti ni kidogo mno kikilinganishwa na hicho, wala hakizalishi umeme. Hata hivyo, nacho huacha taka zenye mionzi, na wananchi wana haki ya kuelezwa zitahifadhiwa wapi kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.