Nani Aseme Kwanza Hewani?

Redio haisikii huku yenyewe inapayuka. Mawimbi inayoyarusha yanaweza kuzidi mara bilioni 10 nguvu ya yale yanayoifikia kutoka kwa mwenzake aliye mwisho wa jengo, na haya madogo humezwa yote. Kompyuta zilizoungwa kwa waya mmoja ziliweza kutambua kwamba ujumbe wao umegongana, zikanyamaza papo hapo. Redio haina bahati hiyo. Hutuma hadi mwisho, kisha husubiri mpokeaji ajibu kwamba amepata. Asipojibu, ujumbe huhesabiwa umeharibika na muda wote uliotumika umepotea.

Kwenye simu za mkononi hatulihisi sana tatizo hili, kwa kuwa mnara ndio unaogawa zamu. Lakini iko mitandao isiyo na mnara wala kituo: vifaa hukutana mahali, vikaungana vyenyewe, na kila kimoja kikapitisha ujumbe wa wenzake hadi ufike. Majeshi huitaka sana, na vikosi vya uokoaji pia, maana minara ikianguka mawasiliano hayakatiki. Huo ni mkutano usio na mwenyekiti, na wajumbe wake wengine hata hawasikiani.

Jibu la kwanza lilitoka visiwani Hawaii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa ALOHA, uliounganisha kompyuta kwa redio badala ya laini za simu. Kanuni yake ilikuwa ya kijasiri, karibu ya utovu wa adabu: ukiwa na la kusema, sema, ukigongana na mwingine, subiri muda wa kubahatisha, urudie. Hesabu ilionyesha kwamba kwa mtindo huo hewa haiwezi kutumika vizuri zaidi ya asilimia 18 hivi ya muda. Mwaka uliofuata Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande sawa na kila mtu aanze kusema mwanzoni mwa kipande tu. Ufanisi ukapanda mara mbili, hadi asilimia 37. Bado zaidi ya nusu ya hewa ilikuwa inapotea.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusikiliza kabla ya kusema. Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi waliichambua mwaka 1975, na hapo hapo wakafichua kasoro yake. Chukua kompyuta tatu zilizopangwa mstari: ya Asha, ya Baraka, ya Chausiku. Baraka yuko katikati, anawasikia wote wawili. Asha na Chausiku hawasikiani, labda kuna kilima kati yao. Asha anasikiliza, hewa kimya, anamtumia Baraka. Chausiku naye anasikiliza, hewa kimya, anamtumia Baraka. Wote wawili wamefuata sheria, na Baraka hakuambulia kitu. Kiini cha matatizo yote ya redio kiko hapa: anayesikiliza ni mtumaji, ilhali ujumbe huharibikia kwa mpokeaji.

Dawa iliyozoeleka ilitolewa mwaka 1990 na Phil Karn, mhandisi aliyekuwa pia mpenzi wa redio za ridhaa. Asha aanze kwa kuomba ruhusa kwa ujumbe mfupi sana, unaotaja ukubwa wa mzigo wake. Baraka ajibu kwa sauti: haya, tuma. Jibu hilo Chausiku atalisikia hata kama ombi hakulisikia, naye atanyamaza kwa muda uliotajwa. Wazo hilo liliingia katika kanuni za waifai za mwaka 1997. Ni zuri, ila lina gharama, kwani kila mzigo sasa unatanguliwa na mazungumzo, na mzigo ukiwa mdogo mazungumzo huuzidi. Ndiyo maana ruta nyingi huja zikiwa zimezima utaratibu huu.

Adabu yenyewe ina bei. Waifai ya zamani iliyoandikwa megabiti 11 kwa sekunde hungoja mikrosekunde 50 za kimya, kisha hubahatisha namba kati ya 0 na 31 na kuihesabu kurudi chini, kila hesabu ikichukua mikrosekunde 20. Ikigongana, kikomo huongezwa maradufu hadi 63, halafu 127, mpaka 1,023. Ongeza utangulizi wa kila ujumbe na jibu la mpokeaji: hata kifaa kikiwa peke yake bila mshindani, kati ya megabiti 11 hubaki kama 6. Si wizi wa muuzaji, ingawa angeweza kusema.

Ujumbe unaporushwa kwa hatua hali huwa mbaya zaidi. Kifaa chenye redio moja hakipokei na kutuma kwa wakati mmoja, na kikituma, jirani zake hulazimika kutulia. Watafiti wa MIT walionyesha mwaka 2001 kwamba katika mnyororo mrefu wa vifaa, kiwango cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa ni robo ya uwezo wa hewa, na waifai ya wakati huo, katika majaribio yao ya kompyuta, iliambulia sehemu moja tu kati ya saba. Mwaka mmoja kabla, watafiti Gupta na Kumar walikuwa wamethibitisha kihesabu kwamba vifaa vikizidi kuongezeka katika eneo lilelile, fungu la kila kimoja huzidi kupungua, hata zamu zipangwe kwa ustadi gani. Kinachosaidia ni kuzungumza na wa karibu. Anayeahidi mji mzima kuunganishwa simu kwa simu bila mnara hata mmoja, aulizwe kwanza ujumbe utaruka mara ngapi.

Kwa matumizi ya nyumbani, swali ni lilelile. Ukinunua visanduku vya kupokezana waifai kutoka chumba hadi chumba, usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. Uliza kama kila kimoja kina redio ya pili ya kuwasiliana na mwenzake. Kama hakina, kila mruko hukata kasi karibu nusu.