Selimundu: Herufi Moja Inapopotosha Damu

MZAZI wa Kisumu anapoambiwa kwa Kiingereza kwamba mwanawe ana ugonjwa fulani wa damu, mara nyingi hurudi nyumbani na jina tu, maana hana. Kiswahili kina jina lake: selimundu. Ni neno ambatani, seli na mundu. Mundu ni kile kisu kilichopinda ambacho wakulima wa mpunga kule Ahero huvunia. Neno hili limezoeleka zaidi Tanzania kuliko huku kwetu.

Lakini seli hupindwa na nini? Hapa hatuna budi kuingia katika kemia ya protini. Neno ‘protini’ lina asili ya Kigiriki, na kiini chake ni dhana ya ‘kwanza’. Wengi tunalijua kupitia chakula: omena, maharagwe, mayai. Hebu leo tulitazame kwa jicho la mwanalugha.

Herufi za protini ni asidi-amino, nazo ni 20 hivi. Kila moja ina uti unaofanana na wa wenzake, na tawi la kando linaloitofautisha. Matawi mengine hupenda maji, mengine huyakimbia. Asidi-amino zikiunganishwa moja baada ya nyingine, hufanya mnyororo. Mnyororo huo haukai umenyooka. Hujisokota na kujikunja, yale matawi yanayokimbia maji yakijificha ndani, yanayoyapenda yakibaki nje. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake.

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni mwilini, ni minyororo minne iliyoshikana: miwili ya alfa yenye asidi-amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146.

Sasa chukua neno ‘damu’. Badilisha ‘d’ iwe ‘t’, nawe unapata ‘tamu’, maana nyingine kabisa. Selimundu ni badiliko la namna hiyo. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi glutamiki, ipendayo maji, imeondoka na mahali pake pameshikwa na valini, iyakimbiayo. Himoglobini ikishaachilia oksijeni, valini hiyo hujipachika kwenye himoglobini jirani, jirani naye akamshika mwingine, mpaka zinatokea nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda seli. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo, na ndiyo yale maumivu makali ya mifupa. Tena hufa mapema, ndiyo upungufu wa damu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti; miaka michache baadaye Vernon Ingram, kule Cambridge, akaionyesha asidi-amino yenyewe.

Na kwa nini ugonjwa huu umeshamiri kandokando ya ziwa? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za Wakenya mwaka 1949. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na alama ya selimundu. Nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Mwaka 1954 alieleza sababu: malaria. Mtu aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa wenyewe, tena hukingika sana dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Kwa hivyo si chira, si jicho baya, wala si kosa la mama, ambaye aghalabu ndiye hubebeshwa lawama. Jeni moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Walimu na wahudumu wa afya, litumieni neno selimundu, na mlifafanue. Mzazi akielewa kinachopinda seli, atajua kwa nini anaambiwa mtoto anywe maji kwa wingi, asipigwe na baridi, na akipata homa afikishwe hospitalini bila kungoja kesho.